Haini ni Nani? Habari za Waliohukumiwa kwa Uhaini, toka Usambara hata Pwani

Mto Sigi washuka kutoka milima ya Amani, katika Usambara ya mashariki, hata baharini karibu na Tanga. Si mto mkubwa, wala haukutajwa sana katika vitabu. Lakini mtu aliyezaliwa katika bonde lake mwaka wa 1860, akafa mwaka wa 1920, aliona mabwana wengi katika miaka yake 60. Alizaliwa zamani za Wakilindi, ambao mfalme wao alikaa Vugha. Alipokuwa mtoto bado, Wabondei waliwaondoa Wakilindi katika nchi yao. Aliposhuka pwani kununua chumvi, alikuta bendera ya Sultani wa Unguja. Alipokuwa mtu mzima akatawaliwa na Wadachi, naye alipofariki Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa nchi. Yeye hakuhama, mabwana ndio waliohama. Na kila bwana alidai utii wake, na kila bwana alikuwa na jina la kumwita yule asiyetii.

Jina hilo ni haini. Twaliandika neno hili mbele ya walimu wenzetu na makasisi wetu kwa sababu shuleni hapana budi kulitumia. Mtoto asoma habari za Bushiri au za Kinjikitile, kisha ainua mkono na kuuliza, “Mwalimu, mtu huyu alikuwa shujaa au haini?” Mwalimu mwenye haraka hujibu kwa neno moja, na mtoto huliandika katika daftari lake. Sisi twaona kwamba jibu la neno moja halitoshi, na kwamba watu wengi wamekufa kwa sababu ya majibu ya namna hiyo. Basi na tutazame kwanza neno lenyewe, kisha desturi, kisha mambo yaliyotukia.

I. Neno na maana yake

Haini ni neno lililotoka katika Kiarabu, na mizizi yake ni moja na neno hiana. Kinyume chake ni amana. Mtu aliyewekewa kitu cha mwenziwe akakilinda, huyo ni mwaminifu. Aliyewekewa akakila, huyo ndiye haini. Kwa asili, basi, neno hili halikuhusu wafalme peke yao. Mlinzi wa mali ya yatima aweza kuwa haini, na rafiki aliyepewa siri aweza kuwa haini vile vile.

Neno msaliti ni jirani yake, nalo twalijua sana kwa habari ya Yuda Iskariote. Yuda alikula pamoja na Bwana wake, alishika mfuko wa fedha, alijua bustani ambayo Bwana hupenda kwenda usiku. Askari waliokuja na mienge walikuwa adui, lakini hatuwaiti wasaliti, maana hawakukabidhiwa kitu. Wazee wetu walilisema jambo hili kwa maneno machache: kikulacho ki nguoni mwako. Chawa aliye katika nguo ya mtu mwingine hawezi kukula wewe.

Lakini sheria za serikali zimelichukua neno hili zikalipa maana nyingine. Katika sheria, uhaini ni kosa la kumpiga vita mwenye enzi, au kutaka kumwua, au kuwasaidia adui zake. Sheria haiulizi sana mtu yule alikabidhiwa nini. Yauliza nani mwenye enzi, na nani aliyempinga. Maana hizi mbili, ya amana na ya enzi, mara nyingi hukutana katika mtu mmoja. Lakini zipo siku ambazo huachana, na habari tutakazosimulia ni habari za siku hizo.

II. Desturi ya Usambara

Katika Usambara wa kale mfalme aliitwa Simba Mwene. Wasambaa walisema kwamba nchi ina hali mbili: yaweza kuponywa, nayo kwa lugha yao ni kuzifya shi, au yaweza kuharibiwa, ndiyo kubana shi. Mfalme mmoja mwenye nguvu zilizo wazi, asiye na mshindani, huileta mvua na nchi hupona. Lakini wakisimama wawili kushindana, hali hiyo iliitwa nguvu kwa nguvu, nayo ilileta njaa, maana kila mmoja aliizuia mvua ya mwenziwe. Kwa hiyo kosa la kushindana na mfalme halikuwa kosa juu ya mfalme peke yake. Lilikuwa kosa juu ya shamba la kila mtu. Hapo twaona jinsi watu wa milimani walivyoufahamu uhaini: ni kuiharibu nchi.

Lakini amana hii ilikuwa na pande mbili. Mfalme mpya alipoingizwa Vugha, watu walimshangilia, na katika kumshangilia walimwonya pia kwamba asipowatendea mema wataweza kumwondoa. Yaani watu walimkabidhi mfalme nguvu, na mfalme alikabidhiwa uzima wao. Yeyote kati yao aliweza kuvunja amana ile.

Nayo ilivunjwa. Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimtembelea mwaka wa 1848 na tena mwaka wa 1852, aliwaweka wanawe katika nchi mbalimbali wazitawale kwa jina lake. Alipofariki mwaka wa 1862, aliyerithi Vugha alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja, mwana wa Kimweri, aliyewekwa Mazinde chini ya mlima, kando ya njia ya misafara, hakukubali kumtii mtoto wa ndugu yake. Alikuwa na bunduki nyingi kwa sababu ya biashara ile. Akamfukuza Shekulwavu kutoka Vugha, akamtawaza mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu, naye akabaki Mazinde. Vita kati ya nyumba hizi mbili vilidumu hata walipofika Wadachi, na watu wengi wa milimani waliuzwa utumwani kwa njia ya Pangani. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Katika machafuko yale Wabondei nao wakasimama kinyume cha Wakilindi waliokaa kwao, wakawaua wengine, wakawafukuza wengine. Mambo hayo huitwa Kiva. Kwa Wakilindi, Wabondei walikuwa watumwa walioasi. Kwa Wabondei, Wakilindi ndio waliokuwa wamekwisha kuivunja amana, kwa kuwatwaa watoto wa watu na kuwauza. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi pamoja na Wakilindi, aliandika habari zao katika Habari za Wakilindi, nacho kitabu hicho kikapigwa chapa Magila, katikati ya nchi ya Wabondei, tangu mwaka wa 1895. Ni jambo la kutazamwa na walimu: maneno ya Wakilindi yalihifadhiwa na mashine ya chapa iliyokaa kwa watu waliowafukuza. Msomaji asome kitabu kile, lakini akumbuke ni nani asemaye.

Tena akumbuke kwamba Semboja hakuitwa haini mbele ya baraza lolote. Alishinda, na aliyeshinda hahukumiwi.

III. Mabwana wapya na kamba

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1888 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba, akawapa Kampuni ya Wadachi kuitawala pwani kwa jina lake. Mwezi wa Agosti watu wa Kampuni walipotaka kuitweka bendera yao Pangani, watu wakakataa, na vita vikaanza. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Bushiri bin Salim, ambaye watu wake ni Waharthi. Usambara nayo iliguswa na mambo haya, maana wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakitembea katika milima yetu mwaka ule, walikamatwa na Bushiri wakashuka pwani, wakaachiliwa baada ya kulipa fedha.

Bushiri alikamatwa na watu wa bara aliowakimbilia, akatiwa mikononi mwa Wadachi, naye akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Aliitwa mwasi na haini. Lakini je, aliila amana ya nani? Hakupata kumwapia Kaisari. Tena Waharthi walikuwa na uadui wa siku nyingi na ukoo wa Sultani, na Bushiri mwenyewe alikuwa mtu asiyeutii ukoo ule. Basi hakuwa nguoni mwa mtu. Twaweza kumwita adui wa Wadachi, na mtu wa vita mwenye ukali, na mwenye watumwa katika mashamba yake, maana hayo nayo ni kweli wala tusiyafiche mbele ya watoto. Lakini kumwita haini, kwa maana ya asili, twashindwa.

Mwenziwe, Bwana Heri wa Saadani, alipigana vita vile vile. Alijisalimisha mwezi wa Aprili mwaka wa 1890, akasamehewa. Wawili walitenda jambo moja, mmoja akapata kamba na mmoja akapata msamaha, na miezi isiyozidi minne ikiwa kati yao. Hapo twajifunza kwamba hukumu ya uhaini haifuati tendo peke yake. Yafuata pia haja za mwenye kuhukumu siku ile.

Juu ya milima jambo la kushangaza zaidi likatokea. Mputa, mwana wa Semboja, alikuwa amekaa katika kiti cha Vugha tangu mwaka wa 1893. Mtu mmoja alizini na mmoja wa wake za mfalme, na Mputa akaamuru auawe. Kwa desturi ya zamani, kuingia nyumba ya mfalme ni kumshambulia mfalme, na mfalme ndiye hakimu. Kwa Wadachi, lilikuwa ni kosa la kuua. Mwaka wa 1895 wakamnyonga Mputa, wakamtawaza Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, yaani mtoto wa yule aliyefukuzwa Vugha. Hivyo yule aliyekuwa akilinda enzi yake kwa mujibu wa sheria moja, alikufa kama mwuaji kwa mujibu wa sheria nyingine. Watu waliotazama walielewa bila kuelezwa: enzi imekwisha kuhama.

Miaka 10 baadaye, kusini, Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji, akawafundisha kuwa kitu kimoja. Alikamatwa mwanzoni kabisa mwa vita vya Maji Maji, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 kwa kosa la uhaini. Naye pia, kiapo chake kwa Kaisari kilikuwa wapi? Kodi aliitoa kwa kulazimishwa, na pamba aliilima kwa kulazimishwa. Kutwaliwa kwa nguvu si kukabidhiwa.

IV. Walimu katika minyororo

Sasa twafika katika habari zinazotuhusu sisi walimu, na ambazo tumeziacha zisahauliwe kuliko zile za kwanza.

Vita Kuu ilipoanza mwezi wa Agosti mwaka wa 1914, wamisionari wa Kiingereza wa Misheni ya Vyuo Vikuu waliokuwa Magila na mahali pengine walizuiliwa na Serikali ya Wadachi, kama ilivyo desturi ya vita kwa watu wa taifa la adui. Lakini makasisi na walimu Waafrika hawakuwa watu wa taifa la Kiingereza. Walikuwa Wabondei na Wasambaa na Wazigua, wenye nchi. Wakaendelea kusali na kufundisha, na makanisa yakabaki mikononi mwao.

Walakini lugha waliyojifunza ilikuwa Kiingereza, askofu wao, Frank Weston, alikaa Unguja chini ya bendera ya Kiingereza, na wengi wao walikuwa wamesomea Kiungani. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuitwaa Tanga kwa jahazi nyingi na askari wengi, wakashindwa. Tangu siku ile kila ajuaye Kiingereza karibu na pwani alitazamwa kwa jicho la wasiwasi. Walimu na makasisi wakashtakiwa kwamba wawapasha adui habari. Wakafungwa, wakapigwa, wakatiwa minyororo, wakapelekwa bara, wengine hata Tabora. Wako waliokufa kifungoni. Samuel Sehoza alizisimulia taabu hizo katika kitabu kidogo, Mwaka katika Minyororo, kilichotolewa mwaka wa 1921. Na jina la kitabu latosha kueleza habari. Martin Kayamba, ambaye baadaye alikuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga, naye alikuwa mmoja wa waliofungwa, asifunguliwe mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora mwezi wa Septemba 1916.

Na tuseme ukweli wote, maana nusu ya ukweli haiwafai wanafunzi. Je, mioyo ya watu hawa ilikuwa upande wa Waingereza? Ya wengine, bila shaka. Walipowaona Waingereza walifurahi, na wengi wao waliingia katika kazi ya Serikali mpya. Mtu aweza kusema, “Basi Wadachi hawakukosea kuwashuku.” Lakini kushuku si kuhukumu. Moyo wa mtu hauna mlango ambao hakimu aweza kuuingia. Yeye apaswa kulitafuta tendo. Na katika mambo haya tendo ndilo lililokosekana. Mara nyingi mtawala wa wilaya, aliyeitwa bwana shauri, ndiye aliyekuwa mshitaki na ndiye hakimu. Mtu aliyefungwa hakuwa na wakili, wala hakuwa na rufani.

Tena tuulize kama tulivyouliza kwanza: walikabidhiwa nini? Serikali haikuwakabidhi siri wala silaha. Kanisa ndilo lililowakabidhi kitu, nacho kilikuwa madarasa na kundi la waumini. Amana hiyo hawakuila. Wamisionari walipozuiliwa, wao ndio waliopiga kengele za sala na kuwabatiza watoto mpaka walipokamatwa. Kwa kipimo cha amana, watu hawa hawakuwa mahaini. Walikuwa waaminifu, nao walivikwa jina la kosa lililo kinyume kabisa cha tendo lao.

Wala tusidhani kwamba wasiwasi wa namna hiyo ni tabia ya taifa moja tu. Mwezi wa Juni 1916 Waingereza waliingia Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, na baada ya hapo wamisionari wa Kilutheri waliokuwa wakifanya kazi Usambara tangu mwaka wa 1891 walizuiliwa na kuondolewa nchini, na Wakristo wa Mlalo na Vuga wakabaki bila wachungaji wao wa zamani. Vita vya pili vilipokuja, wamisionari wa Kidachi walizuiliwa tena. Milima ni ile ile, na makanisa ni yale yale. Jina la adui ndilo lililogeuka.

V. Mashahidi wawili

Katika mwaka ule ule wa 1916, walimu wetu wakiwa bado katika minyororo, mtu mwingine alihukumiwa kwa uhaini huko London. Alikuwa Roger Casement, ambaye mwaka wa 1904 alitoa taarifa ya ukatili waliotendewa watu wa Kongo. Yeye alikuwa Mwailandi, akataka msaada wa Wadachi ili nchi yake ipate kujitawala, akanyongwa tarehe 3 Agosti. Sheria iliyomhukumu iliandikwa mwaka wa 1351, katika siku za mfalme Edward wa Tatu. Casement alikuwa amemtumikia mfalme wa Uingereza miaka mingi na kupokea heshima kwake. Kwa hiyo katika habari yake amana na enzi zilikutana zaidi kuliko katika habari ya Bushiri. Naye mwenyewe alidai kwamba haki ni kuhukumiwa na watu wa nchi yake. Twamtaja hapa kwa neno moja tu: alihukumiwa hadharani, mbele ya baraza la wazee wa mahakama, akiwa na mawakili, naye akasikilizwa. Walimu wa Magila hawakuipata haki hiyo.

Torati yaamuru kwamba mtu asiuawe kwa ushuhuda wa shahidi mmoja. Sharti wawe wawili au watatu. Wamarekani walitia kanuni hiyo hiyo kwa habari ya uhaini katika Katiba yao ya mwaka wa 1787: mashahidi wawili wa tendo moja lililo wazi, au mtu aungame mwenyewe mbele ya mahakama. Kwa nini kosa hili lifanyiwe ulinzi kuliko mengine? Kwa sababu katika uhaini mwenye kushitaki ndiye aliyekosewa, na mkono wake ni mrefu. Thomas More, aliyekuwa mtu mkubwa katika serikali ya Uingereza, alikataa kuapa kiapo alichoona kuwa kinyume cha dhamiri yake, akanyamaza. Akahukumiwa kwa maneno ya shahidi mmoja, akakatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Miaka 400 baadaye Kanisa la Roma likamtangaza kuwa mtakatifu.

Walakini mashahidi wawili nao hawatoshi, kama hawasemi kweli. Makasisi wanamjua Naboti wa Yezreeli. Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, na Yezebeli akawaweka watu wawili wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Kanuni ilitimizwa kwa hesabu, Naboti akapigwa mawe, na siku ile ile mfalme akateremka kulitwaa shamba. Basi msomaji wa historia asihesabu mashahidi tu. Atazame pia ni nani aliyelipata shamba. Pwani, baada ya Bushiri kunyongwa, ni nani aliyepata ushuru wa bandari? Milimani, baada ya Mputa, ni nani aliyepata ardhi ya kupanda kahawa? Naye Bwana wetu mwenyewe alipelekwa mbele ya Pilato kwa shitaka la kujifanya mfalme na kuwazuia watu wasimpe Kaisari kodi. Hilo lilikuwa shitaka la uhaini. Mtu anayeomba chini ya msalaba asiwe mwepesi wa kuamini shitaka hilo.

VI. Baada ya uhuru

Mtu asifikiri kwamba mambo haya yalikoma bendera za wageni ziliposhushwa. Sheria ya jinai ya Tanganyika, iliyofuata mafundisho ya sheria ya Kiingereza, ilibaki, na ndani yake uhaini ulibaki kuwa kosa la kifo.

Mwaka wa 1970 watu kadhaa walishitakiwa katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kwa kupanga kuipindua Serikali ya Tanzania. Jaji Mkuu Telford Georges ndiye aliyesikiliza. Mmoja wa washitakiwa alikuwa Bibi Titi Mohamed, ambaye katika miaka ya kutafuta uhuru aliwakusanya wanawake wengi katika TANU. Mwaka wa 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata akatolewa kwa msamaha wa Rais Nyerere. Baadaye barabara kubwa ya Dar es Salaam ikapewa jina lake. Hatusemi hukumu ile ilikuwa ya haki au si ya haki. Mashahidi walisikilizwa hadharani na wasomi wa sheria wanazo kumbukumbu. Lakini twalitazama jambo moja: nchi ile ile iliyomwita haini ilirudi ikamwita mama wa uhuru, naye alikuwa angali mtu yule yule. Serikali iliyokuwa na uwezo wa kuua ilichagua kusamehe, na kwa hiyo ikapata nafasi ya kukumbuka vizuri. Aliyenyongwa hawezi kurudishiwa kitu ila jina.

Mfano wa pili watoka Unguja. Watu 18 wa chama cha CUF waliwekwa mahabusu tangu mwaka wa 1997 na 1998 kwa shitaka la uhaini juu ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Waliachiliwa mwaka wa 2000, na mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaeleza kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa juu ya Serikali ile, kwa sababu mwenye enzi ni Jamhuri ya Muungano. Wako wasiopendezwa na tafsiri hiyo, na si kazi yetu kuamua mabishano ya katiba. Lakini tazameni jinsi swali la mzee wetu wa Sigi lilivyorudi, safari hii mbele ya majaji: mwenye enzi ni nani? Watu walikuwa wamekaa kifungoni zaidi ya miaka miwili kabla swali hilo la kwanza halijapata jibu.

VII. Neno kwa walimu

Basi tutamjibu nini yule mtoto aliyeinua mkono? Hatusemi kwamba hakuna haini duniani. Wapo. Yule aliyepewa funguo za mji akawafungulia adui kwa fedha, huyo ni haini, naye hata akishinda atabaki kuwa haini. Mfalme aliyekabidhiwa watu akawauza Pangani, huyo naye ni haini, ingawa hakuna mahakama iliyomwita. Tena tusiseme kwamba kuitii Serikali si kitu. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi habari hiyo, nasi tunaifundisha. Lakini Petro naye alisimama mbele ya baraza akakataa kunyamaza, na hiyo pia tunaifundisha.

Twashauri kwamba mwalimu amrudishie mtoto maswali matatu, ayaandike ubaoni. La kwanza: mtu huyu alikabidhiwa nini, na nani aliyemkabidhi? La pili: tendo lake lilikuwa lipi, na nani aliyeliona? La tatu: alipohukumiwa, ni nani aliyepata faida? Mtoto akiyajibu hayo kwa habari ya Bushiri, na Mputa, na Kinjikitile, na Bibi Titi, atajua historia kuliko yule aliyeandika neno moja katika daftari.

Kisha mwalimu aongeze jambo moja. Katika vijiji vyetu, toka Magila hata Korogwe, wako wajukuu wa walimu wale waliotiwa minyororo. Wengine hawajui kwamba babu yao alifungwa. Wengine wanajua, lakini wanalinyamaza, maana kifungo ni aibu na hakuna aliyewaambia kwamba kifungo kile hakikuwa cha aibu. Vitabu vya shule huwataja waliopigana na Wadachi kwa bunduki, na ni vema. Wale waliofungwa kwa sababu ya kushika kengele na kitabu cha majina ya darasa hawakutajwa, maana hawakuwa wapiganaji, na bwana aliyewafunga aliondoka kabla ya kuulizwa. Yatupasa kuyaandika majina yao katika vitabu vya parokia, kwa kuwauliza wazee waliobaki ambao walisikia habari hizo kwa wazazi wao, wala tusingoje. Hiyo ndiyo amana waliyotuachia, nasi tukiiacha ipotee, maana ya kwanza ya neno haini itatuangukia sisi.